Nilikosa jibu kwenye mgogoro wa bikoni Nala: rilativiti ya Einstein ni "nadharia tu"? Karibuni tuiangalie ilivyopimwa angani

MpimaWaNala (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu,

Wiki iliyopita tulikuwa Nala kurudishia bikoni (alama za mipaka) za viwanja viwili ambavyo wenyewe wamegombana tangu msimu wa kulima. Majirani wote wawili walikuwepo, mwenyekiti wa mtaa naye yupo. Nimesimamisha rova, yaani kipokezi cha GPS cha kupimia, nasubiri isome, mzee mmoja akaniuliza hicho chombo kinajuaje kilipo. Nikamweleza kwamba juu kuna setilaiti, kila moja imebeba saa na inatuma mawimbi yenye muda wake, na sisi huku chini tunapima yamechukua muda gani kufika. Nikaongeza kuwa saa za kule juu zinakwenda haraka kuliko za huku kwetu, na kwamba Einstein alilisema hilo kabla hakujawa na setilaiti hata moja.

Kijana mmoja, mwanafunzi wa sekondari, akadakia: "Lakini si ni nadharia tu hiyo, kaka? Nadharia ni kitu ambacho hakijathibitishwa." Watu wakaitikia kwa vichwa. Kazi ilikuwa inasubiri, sikumjibu. Lakini nimelala na neno lile siku nne.

Nadhani ni neno lenyewe linatuponza. Sisi tuliosoma ufundi tunajua mtihani una pande mbili, nadharia na vitendo, na ukifaulu nadharia ukaanguka vitendo hakuna atakayekuita fundi. Kwa hiyo mtu akisikia "nadharia ya uhusianifu", yaani hiyo rilativiti, anaona picha ya mtu aliyefanya karatasi ya kwanza akaondoka zake. Naomba niwaeleze vitendo vyake. Vimefanyika, vimefanywa na watu waliokuwa wanatafuta kosa, na vizito kuliko vyote vimefanyikia angani.

Kwanza dai lenyewe, kwa kifupi. Mwaka 1905 Einstein alisema saa inayokimbia inahesabu polepole kuliko saa iliyotulia. Mwaka 1915 akakamilisha sehemu ya pili: uvutano ni kupinda kwa nafasi na wakati wenyewe, na saa iliyo karibu na kitu kizito kama Dunia inahesabu polepole kuliko iliyo mbali nacho. Si kwamba saa imeharibika, wakati wenyewe unapita tofauti.

Huku chini tofauti hiyo ni ndogo mno. Mwaka 1960 wanafizikia Pound na Rebka waliipima kwenye mnara wa chuo cha Harvard wenye urefu wa mita 22.5, wakitumia miale ya gama, na walifaulu. Lakini mita 22 ni mita 22. Ukitaka tofauti ikue, panda.

Tarehe 18 Juni 1976 wakapanda. Saa ya haidrojeni, moja ya saa makini kuliko zote za wakati ule, iliwekwa juu ya roketi kwenye kisiwa cha Wallops, Marekani, ikarushwa wima hadi takriban km 10,000, kisha ikaachwa ianguke baharini Atlantiki. Safari nzima haikuchukua hata saa mbili. Muda wote huo ilikuwa inalinganishwa kwa redio na saa pacha yake iliyobaki chini. Jaribio hilo linaitwa Gravity Probe A. Matokeo yakakubaliana na hesabu ya Einstein kwa usahihi wa sehemu 70 kwa milioni.

Mwaka uliofuata, 1977, likatokea jambo ambalo mimi kama mpima nalipenda kuliko mengine yote. Wamarekani walirusha NTS-2, setilaiti ya kujaribia mfumo ambao leo tunauita GPS, ikiwa na saa ya atomi ya seziamu. Miongoni mwa waliohusika walikuwepo waliotilia shaka kama marekebisho ya Einstein yanahitajika kweli. Wakaafikiana kwa njia ya kiungwana: saa ikawekewa kifaa cha kurekebisha, lakini kikazimwa kwanza. Wakaiacha ihesabu yenyewe siku 20. Saa ikatangulia sehemu 442.5 kwa kila trilioni. Einstein alikuwa anadai 446.5. Wakawasha kifaa.

Tangu hapo saa za GPS zinapunguzwa kasi kabla ya kuondoka duniani. Mapigo ambayo yangetakiwa kuwa 10,230,000 kwa sekunde yanawekwa 10,229,999.99543. Kule juu, km 20,200, mwendo wa setilaiti unaichelewesha saa maikrosekunde 7 kwa siku, na kuwa mbali na Dunia kunaiharakisha maikrosekunde 45. Toa, unabaki na 38 mbele. Mwanga ndani ya maikrosekunde 38 unakwenda zaidi ya km 11. Wasingerekebisha, kipimo kingepotea km 11 kila siku: leo uko Nala, kesho uko Mkonze.

Ila jaribio lililonifanya nifungue uzi ni jingine, Gravity Probe B. Hili nitalieleza kwa kirefu, mnivumilie.

Hesabu za Einstein zinadai mambo mawili juu ya chombo kinachozunguka Dunia. La kwanza, uzito wa Dunia umepinda nafasi inayoizunguka. Duara la obiti lenye mzingo wa zaidi ya km 44,000 linapungua kama sm 2.8 ukilinganisha na ile kanuni ya mzingo tuliyofundishwa shuleni. Kwa anayepima ardhi hilo ni jambo la kukosesha usingizi: duara lisilofunga, na kosa si la mpimaji! La pili ni gumu zaidi. Dunia ikijizungusha inaiburuta nafasi iliyo jirani nayo. Fikiria mwiko unaozungushwa katikati ya sufuria ya uji mzito wa uwele: uji ulioshikana na mwiko unakwenda nao, wa pembeni unajivuta kidogo tu.

Utaupimaje uji wa namna hiyo? Unachukua pia, kama ile wanayochezea watoto, inayozunguka kwa kasi, yaani jairoskopu, unaielekeza kwenye nyota, unaiacha. Kama nafasi imepinda na inaburutwa, baada ya mwaka mhimili wa pia utakuwa umegeuka kidogo. Hesabu ilitaka igeuke sekunde 6.606 za pembe kwa mwaka kwa sababu ya mpindo, na sekunde 0.039 kwa sababu ya kuburutwa.

Sekunde ya pembe ni sehemu moja ya 3,600 za nyuzi moja. Thiodolaiti (chombo chetu cha kupimia pembe) nzuri ninayoijua inasoma sekunde 1. Hawa walikuwa wanatafuta chini ya sehemu ya ishirini na tano ya hiyo. Niliweka kwenye hesabu ya kwetu: simama Dodoma, nyoosha mstari hadi Dar es Salaam. Mpindo wa nafasi, kwa mwaka mzima, unausogeza mwisho wa mstari ule kule Dar mita 12 na kitu. Kuburutwa kunausogeza upana wa vidole vinne.

Ili kuona vidole vinne walitengeneza gololi nne za kwatsi, kila moja kama mpira wa tenisi ya mezani, zikasuguliwa hadi umbo lake likatofautiana na tufe kamili kwa unene wa atomi kama 40 tu. Zikapakwa metali ya niobi, zikatumbukizwa ndani ya chupa kubwa ya heliamu ya kimiminika kwenye nyuzi 271 chini ya sifuri. Tarehe 20 Aprili 2004 zikarushwa kutoka Vandenberg, California, hadi obiti ya km 642 inayopita juu ya ncha za Dunia, na darubini ikaelekezwa kwenye nyota iitwayo IM Pegasi. Zaidi ya mwaka mmoja baadaye heliamu ikaisha na kupima kukaisha.

Matokeo yalitangazwa Mei 2011. Mpindo: 6.602 dhidi ya 6.606 iliyotakiwa. Kuburutwa: 0.037 dhidi ya 0.039.

Hivyo ndivyo ningemjibu kijana wa Nala kama ningekuwa na siku nzima. Nawasilisha, wajuzi mniongezee na mnikosoe.

---

Mwl_Mpwapwa

Ahsante sana mleta mada. Nafundisha fizikia, na hilo la "nadharia na vitendo" nakutana nalo kila mwaka darasani. Naongeza kimoja ambacho wanafunzi wangu hukielewa haraka: mwanga wenyewe kucheleweshwa na Jua.

Mwanafizikia Shapiro alilipendekeza mwaka 1964. Tuma redio hadi sayari iliyo upande wa pili wa Jua, isubiri irudi. Ikipita karibu na Jua itachelewa kwa sababu njia imepinda. Vyombo vya Viking vilipotua Mars mwaka 1976 wakapata kitu cha kurudishia mawimbi, na ucheleweshaji ukaonekana, takriban maikrosekunde 250 kwa kwenda na kurudi, ukikubaliana na Einstein kwa usahihi wa sehemu moja kwa elfu. Mwaka 2002 chombo cha anga Cassini, ikiwa njiani kwenda Zohali, ikarudia kipimo hicho Jua likiwa katikati. Safari hii hesabu na kipimo vikaafikiana hadi sehemu mbili hivi kwa laki moja.

---

Zabibu_za_Makutupora

Mkuu heshima yako, umeandika vizuri. Nina pingamizi moja na naomba lijibiwe bila kuzungushwa. Nimesoma kwamba hiyo Gravity Probe B iligharimu kama dola milioni 750, na kosa kwenye hilo la kuburutwa lilikuwa asilimia 19. Asilimia 19! Kama mpima angeniletea kiwanja chenye kosa la asilimia 19 tungeishia baraza la kata. Inakuwaje unaita huo uthibitisho?

---

MpimaWaNala

Pingamizi la haki kabisa mkuu, na walikusudia kufanya vizuri kuliko hapo, ni kweli.

Kilichotokea ni kwamba gololi na vikombe vyake vilikuwa na mabaka madogo ya umeme juu ya uso ambayo hayakutarajiwa kuwa makubwa kiasi kile. Mabaka yale yakawa yanasukuma gololi. Chombo kimeshapanda, huwezi kukifuata na sandpepa. Ikabidi wakae miaka zaidi ya mitano wakitenganisha msukumo wa mabaka na mgeuko wa kweli, siku kwa siku, gololi kwa gololi. Mwaka 2008 NASA ikaacha kulipia. Kazi ingefia hapo.

Kwa hiyo 19 kwa mia ni 19 kwa mia ya vidole vinne kule Dar. Hawakuificha, waliiandika kwenye matokeo. Ule mpindo mkubwa waliupata kwa kosa la 0.28 kwa mia, ambalo hata baraza la kata lingelipokea.

Na hawakuwa peke yao. Waitaliano walikwenda kwa njia nyingine: tufe zito lililojaa vioo vya kurudisha leza, halina injini wala saa. LAGEOS ya Wamarekani ya 1976, LAGEOS 2 ya pamoja ya 1992, kisha LARES ya Waitaliano wenyewe, tufe la tungsteni lenye kipenyo cha sm 36 lililorushwa Februari 2012. Unalipiga leza kutoka ardhini miaka na miaka, unaona obiti yake inavyoburutwa. Nao wameona kuburutwa kule kule. Vipimo viwili visivyofanana vikileta bikoni mahali pamoja, mimi kama mpima naanza kuamini.

---

Chimwaga_07

Habari zenu wakuu. Mimi niko mwaka wa tatu hapa UDOM, naomba nimkosoe kaka mpima kwa heshima, kwenye zile km 11.

Saa zote za GPS zingetangulia kwa kiasi kilekile kila siku. Kipokezi chako kinatafuta vitu vinne: mahali kwa pande tatu, na kosa la saa yake chenyewe. Kosa lililo sawa kwenye setilaiti zote lingemezwa na kile cha nne. Nafasi yako isingeruka km 11 kwa siku kwa urahisi hivyo. Kilichokuwa kinaharibika ni muda wenyewe.

Lakini kuna kosa lisilomezwa. Obiti haziko duara kamili. Setilaiti ikishuka karibu na Dunia inaongeza kasi na saa yake inachelewa, ikipanda inaharakisha. Kwa obiti iliyobonyea kidogo tu, kiasi cha 0.02, kosa hufika nanosekunde 46, ambazo ni karibu mita 14, na kila setilaiti ina lake kwa wakati wake. Hilo kipokezi lazima kilikokotoe chenyewe, hata kile cha ndani ya simu. Kwa hiyo bodaboda anayefuata ramani kutoka Nkuhungu hadi Mtumba anabeba hesabu ya Einstein mfukoni.

---

MpimaWaNala

Umenisahihisha vizuri mdogo wangu, nimepokea. Zile km 11 nimezisoma kila mahali nikazibeba kama zilivyo. Na niongezee hapo: sisi tukitumia besi (kipokezi kinachokaa palepale) na rova, makosa ya saa za setilaiti yanafutana kwa sababu vyombo vyote viwili vinaziona setilaiti zilezile. Ndiyo maana nimefanya kazi hii miaka kadhaa bila kulazimika kufikiria haya.

---

Chimwaga_07

Pamoja kaka. Na huo ubonyeo wa obiti ndio uliokuja kuvunja rekodi ya 1976.

Agosti 2014 Ulaya walirusha setilaiti mbili za Galileo, mfumo wao kama GPS, kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Ndani ya roketi, bomba la mafuta lilikuwa limefungwa karibu na bomba la heliamu baridi. Mafuta yakaganda, roketi ikapoteza mwelekeo, setilaiti zikaachwa kwenye obiti iliyorefuka kama yai. Kwa kazi ya ramani ilikuwa hasara. Baada ya kuzisogeza walivyoweza, bado zilikuwa zinapanda na kushuka km 8,500 hivi mara mbili kwa siku.

Kuna watu Paris na Bremen walioona kitu kingine pale: saa makini sana, zinapandishwa na kushushwa kila siku bila malipo ya ziada. Wakazifuatilia kwa takriban siku 1,000. Mwaka 2018 makundi yote mawili yakatoa majibu, na kipimo cha saa na uvutano kikawa bora mara tano hivi kuliko kile cha roketi ya Wallops, ambacho kilikuwa kimeshika usukani zaidi ya miaka 40.

---

Mzee_wa_Makulu

Vijana wangu, nimesoma yote polepole na nimefurahi. Nina swali. Kama saa iliyo juu inakwenda haraka, Dodoma tuko juu na Dar wako pwani. Je, mimi hapa Makulu nazeeka haraka kuliko ndugu yangu wa Temeke?

---

MpimaWaNala

Shikamoo mzee wangu. Ndiyo, unazeeka haraka kuliko yeye, na kiasi chake kinakokotolewa.

Dodoma tuko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Zidisha kimo hicho kwa 9.8, gawanya kwa kasi ya mwanga iliyozidishwa kwa yenyewe. Unapata sehemu 1.2 kwa kila trilioni kumi. Kwa siku moja ni nanosekunde 10 na nusu. Kwa mwaka karibu maikrosekunde 4. Mkiishi miaka 80, wewe huku na yeye kule, utakuwa umemtangulia kwa takriban sehemu 3 za elfu kumi za sekunde. Ni kidogo, lakini saa nzuri ya seziamu ikikaa hapa mwezi mmoja na mwenzake akakaa Dar, tofauti itaonekana.

---

Mwl_Mpwapwa

Na akipanda SGR kwenda kumsalimia? Hilo nataka kuwapa wanafunzi.

---

Chimwaga_07

Mwalimu, hilo ni tamu. Mwendo wa treni peke yake, saa tatu na nusu njiani, unaichelewesha saa chini ya nanosekunde 0.1. Ila kuna Dunia inayojizungusha kwenda mashariki, huku kwetu kwa takriban mita 460 kwa sekunde. Kutoka Dar kuja Dodoma unakwenda magharibi, yaani unapunguza mwendo ule, na saa yako inapata nanosekunde 2 hivi. Ukirudi Dar unazirudisha.

Wamarekani Hafele na Keating walifanya hivyo hivyo Oktoba 1971, na saa za seziamu kwenye ndege za abiria kuizunguka Dunia. Zilizokwenda mashariki zilipoteza nanosekunde 59, za magharibi zikapata 273. Wanafunzi wakokotoe wenyewe kwa nini hazilingani.

---

Zabibu_za_Makutupora

Nimeelewa, na nashukuru kwa kujibiwa kwa hoja. Swali langu la mwisho: baada ya yote haya, wanapima nini tena? Imeshathibitika, si waache?

---

Mwl_Mpwapwa

Hawaachi kwa sababu nadharia hii haijapatana na ile ya chembe ndogo, kwantamu. Zote mbili zinafaulu kila mtihani zinapopimwa peke yake, lakini ukiziweka pamoja hesabu zinagoma. Mahali fulani kuna ufa, na ufa hauonekani mpaka upime kwa makini zaidi.

Mfano, Wafaransa na setilaiti yao Microscope, iliyorushwa Aprili 2016. Ndani yake kulikuwa na silinda za titani na za platini zinazoanguka pamoja kuizunguka Dunia. Ni lile jaribio la mwanaanga Scott mwaka 1971, aliyeangusha nyundo na unyoya Mwezini vikafika chini pamoja, ila hili lingeona tofauti ya sehemu moja kwa trilioni elfu moja. Majibu ya mwisho yalitoka 2022. Hakuna tofauti. Aprili 2025 saa nyingine, ACES, ilipelekwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa. Na Ulaya wameshapitisha LISA, vyombo vitatu vitakavyokaa umbali wa km milioni 2.5 kutoka kimoja hadi kingine, vikisikiliza mawimbi ya uvutano, kurushwa katikati ya miaka ya 2030. Wanafunzi wangu wa sasa watakuwa watu wazima wenye kazi zao.

---

Mzee_wa_Makulu

Hao waliobuni zile gololi nne, waliwahi kuona majibu?

---

MpimaWaNala

Mzee wangu, swali hili nimelisubiri tangu mwanzo wa uzi.

Walianza watatu, chuo cha Stanford, mwishoni mwa 1959, wakizungumza kwenye bwawa la kuogelea la chuo: Schiff, Fairbank na Cannon. Schiff alifariki mwaka 1971, gololi ya kwanza haijapanda. Fairbank alifariki 1989, nayo bado. Cannon aliwahi kuyaona majibu. Mwaka 1962 alijiunga nao kijana wa Kiingereza wa miaka 28, Francis Everitt. Yeye alibaki. Mradi ulitishiwa kufutwa mara kadhaa, naye akawa anakwenda Washington kuutetea. NASA ilipoacha kulipia mwaka 2008, mtoto wa marehemu Fairbank alitoa fedha zake ili uchambuzi uendelee, na baadaye Saudi Arabia nao wakachangia. Mei 2011 Everitt alisimama kutangaza zile namba mbili. Alikuwa na miaka 77.

Kesho alfajiri narudi Nala, bikoni ya nne haijamwagiwa zege. Namba ya yule kijana nitaipata kwa mwenyekiti wa mtaa. Nitamtumia uzi huu, na akipenda aje na daftari ashike rova mwenyewe.